Aliyejeruhiwa na katapila lililozimwa

Injini imezimwa, lakini fundi haligusi katapila. Amesimama pembeni, mikono nyuma, anautazama mkono mrefu wa chuma uliolazwa mbele yake. Anainama na kuchungulia chini ya ndoo ya kuchimbia, kama mtu aliyeangusha sindano. Anazunguka upande wa pili, anachungulia tena.

Opereta, aliyeketi ndani ya kibanda cha mashine, anamsubiri. Ameshamzoea.

Fundi huyo, wenzake humwita Mama Taratibu. Jina hilo walimpa kwa utani, kwa kuwa kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza kabla ya chai, yeye huimaliza chai ikiwa imeshasahaulika. Anatunza mifumo ya haidroliki: pampu, mabomba, mipira ya kupitishia mafuta na yale mafuta yanayosukumwa kwa nguvu mpaka chuma kizito kinanyanyuka.

"Watu wanaogopa ndoo, wanaogopa minyororo," anasema. "Mimi naogopa mafuta. Ndiyo yanayobeba kila kitu, na wewe huyaoni."

Ndiyo maana yaliyompata mwaka jana yanamchanganya mpaka leo.

Katapila lilikuwa likipoteza mafuta, na haikujulikana yanatokea wapi. Lililetwa karakana na opereta huyu huyu, ambaye ni mdogo wa mume wake. Akazima injini, akashuka, akaenda kunawa. Mama Taratibu akavaa glavu, akapitisha kiganja kwenye mpira mmoja akitafuta unyevu. Akahisi mchomo, kama wa mwiba.

"Nikavua glavu, nikaona kitone kidogo kuliko alama ya kalamu. Damu hakuna, maumivu hakuna. Nikajua ni waya wa ndani ya mpira umetokeza. Nikaenda zangu kunywa chai."

Kikombe hakikunyanyuka. Vidole vilikataa kukunja, na kiganja kilikuwa kimeanza kuvimba, kimepauka. Wenzake wakamkimbiza hospitali.

Anakumbuka daktari alianza kumhoji kwa upole, bila haraka, mpaka Mama Taratibu alipotaja mafuta ya mashine. Hapo daktari akasimama.

"Hiki kitone ni mlango tu," alimwambia. "Mafuta yameruka kwa nguvu kutoka kwenye mpira, yametoboa ngozi, na sasa yanatembea ndani. Lazima tufungue mkono sasa hivi."

Mama yake mzazi, aliyefika akihema, akakishika kile kiganja na kukigeuza huku na huku. "Mwanangu, hapa pa kupasua ni wapi? Mbona kidonda chenyewe sikioni?"

 Binti alikubali kupasuliwa, ila anasema alikubali kama mtu anayeitikia hodi usingizini.

Kiganja kilifunguliwa kutoka chini ya vidole mpaka kwenye kifundo, kikasafishwa. Mkono ukapona. Vidole viwili vya mwisho ndivyo havikunji tena.

Maumivu yalipopungua, ndipo maswali yalipoanza. Mafuta hayawezi kuruka namna ile kama presha imetolewa. Ndoo ikishushwa mpaka chini, na vishikio vya kuendeshea ndoo, ndani ya kibanda, vikichezeshwa baada ya injini kuzimwa, nguvu iliyobaki kwenye mipira hurudi kwenye tangi. Mama Taratibu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake utaratibu huo.

Je, siku ile aliufuata?

"Najiona kabisa nikipanda kwenye kibanda na kuvichezesha," anasema. "Lakini sijui kama ninachokiona ni siku ile, au ni siku nyingine zote zimejirundika pamoja."

Mkuu wa karakana alipokwenda kulikagua katapila, lilikuwa limeshasogezwa ili lori lipite. Mmoja akamwambia ndoo ilikuwa imeegemea gogo, haikufika chini. Mwingine akasema gogo lilikuwepo, ila chini ya mashine nyingine. Kila aliyeulizwa alikuwa na hakika, na hawakupatikana wawili wa kukubaliana.

Shemeji yake akaacha kufika nyumbani. Salamu alizipitisha kwa kaka yake. Mama Taratibu akadhani amechukia kuulizwaulizwa. Siku alipokuja, alikaa kwenye ukingo wa kiti, chai hakuigusa.

"Shemeji, nimekuja unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Ndoo. Nadhani sikuishusha."

"Unadhani?"

"Kuna siku naiona iko chini. Kuna siku naiona inaning'inia. Nikifumba macho, inaning'inia."

Mama Taratibu akazidi kuchanganyikiwa, maana muda wote ule alikuwa akijilaumu mwenyewe. "Na mimi nilikuwa natafuta namna ya kukuomba radhi," akamjibu. "Fundi ndiye anayetakiwa kutazama. Hata kama uliiacha hewani, mimi macho ninayo."

Mume wake, aliyekuwa akiwasikiliza kutoka mlangoni, akatikisa kichwa. "Watu wengine wanagombea kiwanja. Ninyi mnagombea lawama."

Shemeji akacheka kidogo. Akainywa chai ikiwa imeshapoa.

Hawakupata jibu siku hiyo, na hawajalipata hadi leo. Lakini Mama Taratibu aliporudi kazini baada ya miezi kadhaa, walikubaliana jambo. Opereta hashuki kabla ya kutamka kwa sauti kila alichofanya, na fundi hagusi kitu kabla ya kukiona kwa macho yake na kukitamka pia. Ufunguo wa kuwashia mashine unakaa mfukoni mwa fundi. Kutafuta panapovuja, hutumia kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo.

Mwanzoni karakana nzima iliwacheka kwamba wanasalisha mashine. Sasa wengine nao wameanza kutamka, japo kwa sauti ya chini, kwa aibu.

Mkuu wa karakana amemwomba awafundishe mafundi wapya wanaoanza mwezi ujao. Mara ya kwanza alikataa. "Nilimuuliza, nitafundisha nini na mimi mwenyewe sielewi?" Amelifikiria upya, akakubali. Anatarajia kuanza na kiganja chake, kabla ya pampu na mipira.

"Wataniuliza nani alikosea," anasema, akikitazama kile kiganja chenye mshono. "Nitawaambia sijui. Shemeji naye hajui, na sote wawili tulikuwepo. Wakishalielewa hilo, ndipo nitawaruhusu wasogelee mashine."