Baraza la Nyuma

Mama yangu, Bi Mwanakheri, hajui kukaa. Akishamwogesha baba, akishamlisha na kumgeuza kitandani, anashika sepetu.

Baba alipooza upande mmoja tukiwa bado Msimbu. Kaka Abdulaziz akasema, "Mama, njooni kwangu Kongowe, hospitali iko karibu. Mzee nitamtengenezea baraza na bustani, apate upepo."

Neno baraza lilimwingia baba moyoni. Ulimi wake mzito siku hizi, lakini kila asubuhi aliuliza, "Ba-raza... tayari?"

Kaka alilichora kwenye simu, nyuma ya nyumba: pevingi za saruji chini, ukoka kuzunguka, asumini kwenye kona, ukuta mrefu watu wasichungulie. Fundi alipanga pevingi akaenda zake, bustani ikabaki kwa mama. Alisukuma udongo kwa toroli, akachomeka ukoka kipande kwa kipande, mimi nachota maji. Jioni anakaa juu ya ndoo, anatazama mikono yake tu. Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Nitapumzika baba yako akishakaa nje."

Ukoka ulipokolea, baba akataka kanzu na kofia. Tukambeba hadi kwenye kiti. Akatazama ukuta wa mbele, wa kulia, wa kushoto.

"Njia... iko wapi?"

"Njia ya nini, mzee?" kaka akacheka. "Hapa faragha, hakuna wa kukusumbua."

"Sasa... nani atapita?"

Kule Msimbu baraza letu lilikuwa mbele, baba akiuza chumvi na mafuta ya taa. Kila aendaye shamba alimwamkia, naye hamwachii mtu mpaka amuulize habari za kwao. Baraza la kutazama ukuta hakuwahi kuliona.

"Nirudisheni ndani," akasema.

Tangu hapo hakutaka kutoka. Na chakula akawa anakigusa tu.

"Atazoea, mama," kaka akasema.

"Hazoei huyo. Namjua mimi."

Kesho yake nikasikia sururu. Mama anang'oa pevingi.

"Mama! Mbona unaniharibia kazi?" kaka akatoka mbio.

"Naihamisha. Kama husaidii, usinipigie kelele."

Kaka aliguna weee, mwisho akavua shati.

Tulizipanga nje ya geti, kando ya njia, za kutosha viti viwili. Ukoka na asumini vikabaki nyuma. "Nguvu za kupanda tena sina," mama akasema.

Baba alipokaa, muuza samaki mmoja akapunguza baiskeli. "Shikamoo mzee! Mgeni hapa?"

Baba akahangaika na ulimi. "Ma-rahaba. Wa wapi... wewe?"

"Mlandizi."

"Mlandizi... kwa nani?"

Yule kijana akashusha mguu chini, akaanza kumtajia ukoo wake, babu mpaka babu. Baba anaitikia, mkono mzima unapiga goti.

Nikageuka nimwonyeshe mama. Yuko kiti cha pili, kichwa kimeangukia ukutani, mdomo wazi, anakoroma, miguu ina udongo mpaka magotini. Nikamfunika kanga, nzi wasimsumbue.