Bakuli Lililorudi Tupu

Tuliokuwa barazani kwangu ni hawa: mimi; mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu wa pili; jirani yangu, ambaye mama yake na wangu walichezwa unyago pamoja; na muuguzi wa zahanati, binti wa shemeji yangu. Majina yao ninayo yote, siyaandiki kwa heshima yao.

Kijiji chetu kiko njia ya Mkunya. Mjukuu wangu na mtoto wa jirani, na wenzao wa kijijini, walikuwa likumbi, kambini kwa jando. Mwanamke hafiki huko wala haulizi. Tunapika, walezi wa kambi wanakuja kuchukua, jioni wanarudisha vyombo.

Muuguzi alinipa shikamoo, akatoa simu yake. Alisema kila wiki zahanati zinatuma wilayani idadi ya wagonjwa. Mafua makali yalianza kuonekana Lukuledi, yakaingia Masasi mjini, yakapita Chiwata, sasa yako Newala. Kijiji chetu tu ndicho kilichoandikwa sifuri.

"Mama mkubwa, huko wilayani wanatuona wazima. Mimi siamini."

Alishamwendea mzee wa jando, akajibiwa watoto hawajambo, na asirudi tena.

Kusema ya likumbi mbele ya mtu wa serikali ni kujitafutia lawama ya ukoo mzima. Lakini mkwe wangu alikuwa analia. Bakuli la mwanawe lilikuwa linarudi na ugali wake, umekauka juu. Jirani akamtania, kama ilivyokuwa kawaida yetu:

"Wako umemlea kwa maandazi. Wangu analamba mpaka bakuli."

Kweli, lake lilikuwa linarudi tupu kila jioni.

Basi nikasema mimi. Nilimwambia muuguzi wasiokula ndio wagonjwa, nikamtajia kila bakuli lililokuwa linarudi na chakula, na mwenyewe. La jirani nikamwambia asihangaike nalo, yule mzima.

Kesho yake likaja gari la wilaya. Wanaume waligomba sana, mwisho wakakubali wauguzi wa kiume waingie. Watoto walitolewa wamefunikwa mashuka, tusiwaone nyuso, wanahema kwa taabu. Mjukuu wangu alipona, ingawa kifua chake mpaka leo si kizima.

Jirani alikuwa anatafuta miguu ya mwanawe chini ya mashuka. Hakuiona. Ndipo ikajulikana: mtoto alishazikwa huko huko, kikohozi na homa vilimchukua kabla wengine hawajaanza kuugua. Desturi inataka mama asiambiwe mpaka siku ya kutoka jando, kwa hiyo walezi walikuwa wanakula chakula chake ili bakuli lirudi tupu. Angeandikwa yeye kwanza, muuguzi alisema, wilaya ingekuja mapema.

Jirani hajanitania tena.

Mimi shule niliishia la pili, na umri umekwenda. Kama nimekosea aliyekuwepo au aliyesema, nisahihisheni. Na kama yupo aliyeona bakuli lile likirudi na tonge hata moja, aje aniambie. Mimi nalikumbuka tupu.