Siku Niliyoihamishia Ndege ya Mchina Ufaransa

Haya, chekeni mapema mmalize, maana aibu niliyoivuna Mbagala siku ile hata leo nikiikumbuka natamani kuvuta shuka nijifunike uso, na ubaya wake hakuna aliyenituma, nilijitafutia mwenyewe kwa mdomo wangu huu huu.

Mnamjua Hamisi, mtoto wa marehemu dada yangu, yule aliyekwenda China kusoma akabakia hukohuko. Kaajiriwa kwenye kiwanda ambako Wachina wanaunda ndege yao wenyewe ya abiria (wamechoka kila siku kununua za Wazungu), na kazi yake yeye ni kupitisha nyaya ndani ya mabawa. Basi akampenda Salma, binti wa Mbagala, akaniomba niwe mshenga, akanisisitiza, "Mjomba, wewe sema ukweli tu, mengine Mungu atajaza." Nikamwambia asinifundishe kazi, nikaenda kununua kanzu mpya.

Tukafika kwa kina Salma, mie na wazee wawili wa mtaani kwetu Kinondoni, tukapokelewa kwa kahawa na halua, wanaume sebuleni, wanawake na Salma mwenyewe nyuma ya pazia wakisikiliza. Baba yake, Mzee Nasoro, anauza pasi, blenda na majiko ya umeme. Hatujamaliza hata salamu, feni iliyokuwa inatupepea ikakoroma, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Mzee akaipiga kofi. "Cha Mchina hiki! Mie nimeviuza tangu sijaota mvi, navijua." Watu wakacheka, kisha akanigeukia, "Enhe, kijana wetu anafanya kazi gani?"

"Anaunda ndege, mzee."

"Ndege za nani?"

Jamani, nikaitazama ile feni, nikamwona Hamisi wangu anakataliwa hivi hivi kwa sababu ya feni, na kabla sijajizuia mdomo ukasema, "Za Wazungu. Yuko Ufaransa." (Ufaransa ilitokea wapi sijui, mie ndege yenyewe sijawahi kupanda hata ya kwenda Mwanza.)

Mzee akasema mashallah, nami nikajiona mjanja. Mara nyuma ya pazia kikombe kikaanguka, pwaa, nikasikia sauti ya Salma inatetemeka: "Ufaransa? Mama, mie miezi yote hii najifunza Kichina, kumbe mwenzangu yuko Ufaransa?" Akaanza kulia.

Ningenyamaza ingekuwa nafuu, lakini nikataka kuziba ufa, nikasema, "Hapana mwanangu, huwa anakwenda na kurudi, mara huku, mara kule." Mama yake akadakia kwa ukali, "Baba Salma, umesikia? Mara huku, mara kule! Huyo ana mke huku na anataka mwingine kule!" Wale wazee wangu wawili, niliokuja nao nikiwategemea, wakainamia halua kama hawanijui.

Mzee Nasoro hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alitoa simu, akasema, "Salma, nitajie namba yake." Akapiga kwa video, ikaita, ikaita, mie naomba kimoyomoyo mtandao ukatike, lakini siku ya aibu mtandao haukatiki. Hamisi akatokea, kavaa ovaroli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi, kijana?"

"Niko China, baba, kiwandani."

"Mjomba wako anasema uko Ufaransa."

Hamisi akanitafuta kwenye kioo, akaniona na kanzu yangu mpya, akasema taratibu, "Labda mjomba anaionea aibu kazi yangu." Wallahi, angenitukana ningeumia kidogo kuliko pale.

Mzee akamuuliza, "Hiyo ndege yenu, kila kitu mmeunda wenyewe?"

"Hapana baba. Injini bado tunanunua nje, ya kwetu ingali inajaribiwa. Na ilituchukua miaka mingi mpaka ikaruhusiwa kubeba abiria. Lakini mie nimeshaipanda, na Salma nitampandisha hiyohiyo."

Mzee akaitazama ile feni iliyoungua, na nyuma ya pazia kwikwi za Salma zikapungua. "Muuzaji anayekutajia kasoro ya mali yake kabla hujauliza bei," Mzee akasema, "huyo ndiye wa kununua kwake." Akalisogelea pazia. "Salma, unasemaje?" Salma akajibu kwa Kichina, hatukuelewa neno, ila Hamisi kwenye simu akafunika uso akicheka huku machozi yanamtoka.

Nikavuta pumzi, nikaweka sawa kanzu, nikafungua mdomo nitoe shukrani. Mzee Nasoro akaninyooshea kiganja.

"Posa tumeikubali. Ila mtuletee mshenga mwingine."

Harusini nilikaa nyuma na wapika pilau. Salma alipopita akaniinamia, "Shikamoo, Mjomba Ufaransa," na mpaka leo ndilo jina langu Mbagala nzima. Ushenga nimeuacha jamani, na mtu akiniuliza mpwa wangu anafanya kazi gani, namwambia kabla hajamaliza swali: anaunda ndege ya Mchina.