Walidi anavyoitafuta sauti ya Bushra

Walidi Sheikhan anafuta mkwaju mmoja, ile alama ya / inayotenga folda, kwenye skrini, anasonya, anafuta na wa pili. Nyuma yake, katika duka lake la kutengeneza kompyuta hapa Mombasa, mamake Bi Mwanalima amekalia kiti cha wateja na hana nia ya kuondoka.

"Umempoteza Bushra mara ya pili," anamwambia. "Mara ya kwanza vita. Mara hii wewe na kompyuta yako."

Maneno makali, lakini mama ana haki. Bushra, dadake Bi Mwanalima, alikataa kuiacha nyumba ya mama yao kisiwani Chovae familia ilipovuka mpaka ikikimbia vita mwaka 1991, Walidi akiwa na miaka saba. Akafia huko. Kilichofika Mombasa ni kaseti moja ya salamu zake, iliyopita mikononi mwa wavuvi, maana siku zile Wabajuni, watu wa visiwa vile, walitumiana sauti badala ya barua.

"Tuliisikiliza mpaka utepe ukakatika," anasema Walidi, akicheka kidogo. "Majirani walikuja na vikombe vyao vya chai. Ah, siku hizo zina utamu wake!"

Bahati nzuri alikuwa ameshainakili kwenye kompyuta pamoja na kaseti za familia nyingine, akaandika programu ya kuzitafuta kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Juma lililopita aliongeza sehemu ya kusafisha njia za mafaili, yaani anwani inayopita folda baada ya folda. Mikwaju iliyojirudia iondoke. Palipoandikwa ingia folda fulani kisha rudi nyuma, vyote viwili vifutwe. Umeenda, umerudi, si uko palepale?

Kumbe! Tangu hapo programu inasema sauti ya Bushra haipo.

Kosa analigundua mbele yetu. Mtoto wa Kibajuni, hata azaliwe Mombasa, huitwa wa Chula kama wazee wake walitoka kisiwa cha Chula. Kwa hiyo ndani ya folda ya Mombasa Walidi aliweka njia ya mkato iitwayo Chula, inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye folda ya Chula iliyomo ndani ya folda ya visiwa, pamoja na ya Chovae. Anwani ya Bushra inapita hapo: Mombasa, Chula, rudi nyuma, Chovae. Ukishavuka kwa mkato huo, kurudi nyuma kunakuacha visiwani, si Mombasa. Programu iliifuta safari bila kuisafiri, ikawa inaitafuta Chovae ndani ya Mombasa.

"Yaani mimi, mchu wa visiwani, nimesahau hilo!" anasema kwa Kibajuni chake, ambamo mtu ni mchu, akijipiga kipaji cha uso.

Anaifuta mistari ile, anaweka agizo linaloiacha kompyuta yenyewe iifuate njia hatua kwa hatua. Anabonyeza.

Mkwaruzo. Jogoo anawika kwa mbali. Kisha sauti ya mwanamke: "Assalamu alaykum, Mwanalima. Mnazi wa mama umezaa. Mwarudi lini?"

Bi Mwanalima anajifunika uso kwa mtandio. "Waalaykum salaam, dada," anaijibu kompyuta. Hakuna anayecheka.

Walidi anapanga kuzipeleka sauti hizi Chovae siku moja, zisikike palepale ziliporekodiwa. Mama ana lake la haraka zaidi.

"Washa kinasa sauti, mwanangu," anasema. "Miaka yote hii dadangu ameniuliza, na sijamjibu."