Makocha wawili kwenye karatasi ya omena

Jumamosi pale soko la Kibuye, mama anayeniuzia omena, wale dagaa wa ziwani, alichukua gazeti kuukuu anifungie kipimo changu cha gorogoro, akasita, akaanza kulisoma.

“Baba, sikia hii. Mwaka jana timu yetu ilifungwa tatu na kocha alikuwa Mzungu. Mwandishi anasema shida ni matope kwa uwanja.”

Akachomoa lingine kwenye rundo.

“Hii ni ya juzi. Kocha ni kijana wetu wa Kondele. Tumefungwa tatu, matope ni ile ile. Mwandishi ni huyu huyu, lakini sasa anasema kocha hana akili. Mama yake kocha ni jirani yangu. Tangu hiyo siku haji soko.”

Akagonga jina la mwandishi kwa kidole kilichojaa magamba.

“Wewe unakaa mtu wa kusoma. Huyu unamjua?”

Nilitazama jina langu, kisha nikainama kana kwamba nachagua omena.

“Simjui, mama.”

Akakunja zile karatasi mbili, akaziweka kando, akanifungia kwa nyingine.

Najua karatasi hii ya gazeti nayo itafika kwenye rundo lako. Mama, ninamjua.