Polepole Hasimami Mchangani

Watu walimwita Polepole, na hakuchukia, maana mwendo huo ndio uliomlisha. Lori lake kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lilikuwa likivusha saruji na unga kupitia mto mkavu wenye mchanga usio na huruma. Ukingoni hupunguza upepo wa matairi, huingiza gia nzito, kisha huingia mchangani kwa mwendo mmoja. Hakanyagi breki, hakati kona, hasimami. Siku moja kofia ya bosi mwenye mzigo, aliyeketi kando yake, ilipeperuka katikati ya mto. Bosi alifoka weee, naye Polepole akatazama mbele kana kwamba ana pamba masikioni.

Safari hii hakubeba saruji. Alimbeba mama mkwe wake, mama mzito wa mwili na wa maneno, mgonjwa wa nyonga, akimpeleka kukaa na binti yake kabla mto haujajaa. Huko juu mto unakotoka, wingu lilikuwa limetanda, jeusi tii. Mvua ikinyesha kule, maji hufika huku bila kupiga hodi. Polepole alilijua hilo, ndiyo maana hata mama alipokuwa akiagana na majirani alimkatisha.

Katikati ya mto mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, simama kidogo. Roho inanichafuka."

Tangu amwoe binti yake, Polepole hakuwahi kumwambia mama huyo hapana. Angekuwa bosi, angejitapikia mapajani. Lakini mkwe ni mkwe, na mguu ulikanyaga breki kabla akili haijaulizwa.

Mama alifungua mlango, akatapika, akashukuru. Polepole akaingiza gia. Lori likatikisika, likatupa mchanga nyuma, likakaa palepale. Alipojaribu tena, magurudumu ya nyuma yalijichimbia hadi kwenye ekseli. Akaacha, maana kuendelea kukanyaga mafuta ni kulizika. 

"Mama, nitakubeba mpaka ng'ambo."

"Unibebe mimi, lori liende na maji? Wajukuu zangu watakula nini? Chimba, baba."

Akachimba kwa koleo. Akapunguza upepo zaidi, akatandika magunia matupu mbele ya kila tairi. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa ameshuka mwenyewe, mkono mmoja ameshikilia mlango, na kwa fimbo yake anakwangua mchanga uliokumbatia tairi la mbele. Polepole alitaka kumkemea, akashindwa. Aliogopa kweli. Alikuwa akimwona mkewe mlangoni, akiuliza mama yuko wapi.

Ndipo wakasikia mvumo kutoka juu ya mto, kama mtu anayeburuta mabati. Polepole hakuomba radhi. Alimshika mama mkwe kiunoni, akamnyanyua kama gunia la unga, akamsukumia kitini, kila mmoja akitazama pembeni kwa aibu. Akakimbilia upande wake, akaachia klachi taratibu. Lori likasita. Likapanda magunia, likaanza kutembea.

"Simama, baba," mama akasema. "Fimbo yangu imebaki."

Polepole alikaza mikono kwenye usukani. 

"Sisimami, mama."

"Unasemaje?"

"Nimesema sisimami. Na roho ikichafuka, tapika humuhumu."

 Lori lilipanda ukingo likiunguruma, na Polepole hakusimama mpaka alipokanyaga majani. Nyuma yao maji mekundu kwa udongo yalifika na matawi yake, yakayazoa magunia na fimbo.

Alishuka, akazunguka hadi mlango wa mama, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama. Nimekuvunjia heshima."

 Mama aliyatazama maji, kisha akamwekea mkwewe mkono begani ili apate pa kuegemea.

"Ungenivunjia mapema, baba," alisema, "fimbo yangu ningekuwa nayo."