Mvua Tuliyodhani ni Majani

Shwaaa, kutoka upande wa ziwa, ikipita kibanja kimoja cha migomba hadi kingine. Sauti ile ya mvua juu ya migomba ninayo bado masikioni. Kwetu Izigo mvua ilikuwa inabisha hodi: ukiisikia mbali, unakunja mkeka wa kahawa, unaanua nguo, unaingia ndani ukiwa mkavu.

Halafu ikaja kyanda, kiangazi chetu, lakini mwaka huo haikutaka kuisha. Asubuhi moja tukasikia shwaaa. Mimi na mama tukatoka mbio na mabeseni, tukayapanga chini ya bati. Hakuna hata tone. Ilikuwa migomba. Majani yalikuwa yamekauka mpaka upepo ukiyapiga yanalia kama mvua. Jirani alikuwa akipita na ndoo kichwani, akatutania:

"Jirani, beseni limejaa upepo? Nigawie kidogo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Majani yakatudanganya tena na tena.

Siku moja mama alikuwa ameanika uani, juu ya mkeka, maharage ya mbegu, yote tuliyokuwa nayo, kizazi cha yale aliyopewa na bibi alipoolewa. Tulikuwa jikoni, yeye akimenya ndizi, mimi nikimsimulia duka la ushonaji nitakalofungua mjini, mtaa wa Bakoba, lenye kioo kirefu. Shwaaa ikaanza. Nikanyanyuka.

"Kaa, mwanangu. Majani hayo."

Nikakaa, nikaendelea na kioo changu.

Bati ndilo lililotushtua. Lilipigwa kwa ghafla, kama mtu kamwaga debe la kokoto. Tulipofika mlangoni, ua ulikuwa mto mwekundu na mkeka ulikuwa unapotelea kibanjani. Mama alishika mlango.

Baadaye nilisikia redioni kwamba hewa ikizidi joto hunyonya maji mengi ardhini na ziwani, huyakalia muda mrefu, kisha huyamwaga kwa mkupuo. Nilielewa. Ila hadi leo siamini kwamba mvua ileile tuliyoiombea kanisani ndiyo iliyobeba mbegu zetu.

Maharage tuliyookota matopeni hayakujaza bakuli. Kesho yake, mama alipokwenda kuchota maji, nilichukua mundu nikazunguka nyumba. Nikakata majani yote makavu ya migomba iliyo karibu, yasitudanganye tena, nikayatandaza shinani. Kisha nikasimama palepale, nikasikiliza.